Dume la Msimu Mmoja

Dubai, 10 Juni 2024

Mpwa wangu mpendwa,

Mwambie mama yako tende zake zitakuja na mtu wa Malindi anayerudi nyumbani wiki ijayo, kwa hiyo asinipigie tena simu alfajiri kuziulizia. Hapa joto limeshaingia. Farasi wenye majina wamekwisha kusafirishwa Ulaya kama kila mwaka, na sisi tuliobaki tunawaogesha hawa wengine kabla jua halijachomoza.

Umeniandikia kwamba huko Ngong umeondolewa kwenye mazoezi ya asubuhi, ukapelekwa shambani kuangalia majike wenye mimba, na unaona umeshushwa cheo. Mwisho wa barua, kwa hasira nadhani, ukauliza: dume asiyekimbia tena ana nini hata watu walipe pesa za kujenga ghorofa ili ampande jike mara moja? Swali lako ni zuri kuliko hasira yako. Nitakujibu kwa habari ya farasi wawili, baba na mwana, kwa sababu baba nilimwona kwa macho yangu.

Baba aliitwa Dubai Millennium. Alizaliwa 1996, na jina lake la kwanza lilikuwa Yaazer. Sheikh Mohammed bin Rashid Al Maktoum, mwenye farasi huyo, alipoona anavyokwenda, alimbadilisha jina akampa hilo zito, akiwa na nia moja: Kombe la Dunia la Dubai la mwaka 2000 lichukuliwe na farasi huyu. Sasa fikiria, kumpa farasi jina kama hilo ni kujifunga kamba mwenyewe. Akishindwa, watu watakucheka miaka.

Na alishindwa, mara moja. Juni 1999, kwenye Derby ya Epsom, Uingereza, alihangaika, akavuta lijamu, nguvu zikamwishia kabla ya mwisho, akafika wa 9. Mbio zile ni za maili moja na nusu, na yeye alikuwa farasi wa maili moja, au maili moja na robo ukimbana sana. Lakini weka akilini hiyo Derby, maana itarudi. Mbali na siku hiyo hakuna aliyemshinda. Alikimbia mara 10 maishani, akashinda 9.

Usiku wa Machi 25, 2000 nilikuwa Nad Al Sheba, ule uwanja wa zamani kabla ya Meydan. Nilikuwa saisi wa zizi dogo, mgeni hapa, bado nanuka bahari ya Lamu. Tulisimama ubaoni na Wapakistani na Wasudani, karibu kabisa na mchanga. Uwanjani hakukuwa na kamari, kwa hiyo kelele za watu hazikuwa kelele za pesa. Joki wake, Frankie Dettori, alimwachia hatamu mapema tu, farasi akashika mbele. Mimi nilizoea kuona anayeongoza mapema akikamatwa kwenye kona ya mwisho, nikasema moyoni, huyu kajimaliza. Walipopinda akaongeza mwendo. Akaongeza! Mchanga ulikuwa ukiwarukia wale wa nyuma usoni, na yeye uso wake mkavu. Alishinda kwa urefu wa farasi 6, mita 2,000 chini ya dakika 2. Msudani mmoja mzee pembeni yangu hakupiga kelele. Alivua kilemba akajifuta jasho, akakaa chini.

Juni ile ndege ndogo iliyombeba Dettori ilianguka Newmarket, Uingereza. Rubani alikufa, Dettori akavunjika kifundo cha mguu. Kwa hiyo kwenye mbio za Ascot, huko huko Uingereza, Dubai Millennium alipandwa na Jerry Bailey, joki wa Marekani, akashinda kwa urefu wa farasi 8. Sheikh akatangaza yuko tayari kwa mbio za wawili tu dhidi ya Montjeu, bingwa wa upande wa pili. Watu tulianza kubishana hata msikitini. Mbio hizo hazikufanyika. Agosti, katika mazoezi ya kawaida ya asubuhi, yale unayoyalilia wewe, mguu wa nyuma ukavunjika. Wakautengeneza, akapona, lakini kukimbia kukawa kumekwisha. Akapelekwa shamba la Dalham Hall, Newmarket, awe dume la mbegu.

Hapa ndipo swali lako linapojibiwa, sikiliza vizuri.

Kule Limuru mwenye ng'ombe wa maziwa humwita daktari wa mifugo, akaja na mbegu kwenye mtungi wa baridi, kazi ikaisha kwa dakika tano. Fahali anaweza kuwa alikufa zamani na bado anazalisha. Farasi wa mbio wa damu safi haruhusiwi hivyo. Mtoto aliyepatikana kwa mbegu ya mtungi haandikwi kwenye daftari la nasaba, na asiyeandikwa hapo si farasi wa mbio. Sharti dume ampande jike kweli, watu wakiwa wamesimama hapo wanashuhudia. (Joki hupanda, dume naye hupanda. Kiswahili chetu hakikuona haja ya maneno mawili.) Kwa hiyo siku zake zinahesabika. Msimu kule kaskazini ni kuanzia Februari hadi karibu Juni, basi. Dume mwenye jina hupokea majike 100 na zaidi katika msimu mmoja, na akifa, amekwenda na mbegu zake zote.

Nawe utaijua kazi yenyewe, ikiwa hujaiona bado. Jike hufungwa mkia kwa kitambaa, huvishwa viatu laini vya nyuma asije akampiga dume mateke. Kabla ya hapo huletwa dume wa kujaribia. Kila shamba lina wake. Hana nasaba ya maana. Kazi yake ni kusimamishwa upande wa pili wa ubao, amnusenuse jike, tuone kama ameingia joto au anataka kupigana. Jike akikubali, huyo maskini huondolewa, analetwa mwenye jina. Sijaona farasi ninayemwonea huruma kama yeye.

Dubai Millennium alianza msimu wake wa kwanza mapema 2001. Haukuisha. Aprili alipatwa na ugonjwa wa majani, ule unaowashika farasi wanaolisha malishoni, hasa majira ya kuchipua, ukaua mishipa ya fahamu ya tumbo. Chakula hakishuki. Madaktari walimpasua zaidi ya mara moja. Mwisho wa mwezi akafa, akiwa na miaka 5. Farasi aliyewaacha wenzake kwa urefu wa farasi 6 na 8 aliangushwa na kitu alichokuwa akikila kila siku.

Mwaka uliofuata walizaliwa watoto wake, zaidi kidogo ya 50, ndio wote hadi kiyama. Sheikh akaanza kuwanunua aliowakosa, mmoja mmoja, huku na huku. Sisi mazizini tuliona ni majonzi ya tajiri. Watoto 50 ni wachache mno, mpwa wangu. Dume mzuri anaweza kutoa 500 na asipate hata mmoja wa kumrithi.

Mmoja wa hao 50 alizaliwa Ireland Februari 2002, akaitwa Dubawi, yaani mtu wa Dubai. Mfupi, amejaa kifua, hana ule mwili wa kupendeza wa baba yake. Babu yako alikuwa akichagua punda kwa kumtazama kwato kisha kumzunguka mara tatu bila kusema neno. Dubawi angemzunguka mara moja tu akaenda zake. Lakini alikimbia. Mwaka 2004 alishinda National Stakes huko Curragh, na 2005 akashinda 2000 Guineas ya Ireland, kisha Jacques Le Marois ya Deauville, Ufaransa, mbio zile zile alizoshinda baba yake. Guineas ya Newmarket ilimshinda, akawa wa 5. Derby ya Epsom akawa wa 3. Mbio 8, ushindi 5. Bingwa, ndiyo, lakini nikuambie kweli, mabingwa wa namna hiyo hutokea karibu kila mwaka.

Akaingia Dalham Hall, shamba lile lile la baba yake, mwaka 2006 kwa ada ya pauni 25,000. Na hapa kuna kitu ambacho watu hawakuelezi. Dume mpya hana mtoto anayekimbia kwa miaka mitatu ya kwanza. Mimba ni miezi 11, mtoto anazaliwa, anakua, anafunzwa, ndipo afike uwanjani akiwa na miaka 2. Katika miaka hiyo wenye majike wanalipa kwa kubahatisha, na kila mmoja anasubiri mwenzake atangulie. Watoto wa Dubawi walipopelekwa mnadani walikuwa wafupi kama yeye. Ada ikashuka hadi pauni 15,000. Nakumbuka tulivyosema, nami nikiwamo: damu ile imekwisha.

Kisha Mei 2010, Makfi, mtoto wa uzao wake wa kwanza, ambaye karibu hakuna aliyemtegemea, akashinda 2000 Guineas ya Newmarket, ile iliyomtupa baba yake. Agosti akaenda Deauville akamshinda Goldikova, jike lililokuwa likitisha Ulaya nzima. Haikuwa bahati. Monterosso akachukua Kombe la Dunia hapa Meydan 2012, la babu yake. Night of Thunder akachukua Guineas 2014. Postponed, Too Darn Hot, halafu Ghaiyyath, aliyehesabiwa wa kwanza duniani mwaka 2020. Coroebus Guineas 2022, na mwaka huo huo Dubawi akawa baba bora wa Uingereza na Ireland akiwa na miaka 20. Mwezi uliopita tu Notable Speech amechukua Guineas, ya nne kwa watoto wake. Ada ilipanda hadi pauni 250,000 mwaka 2017, na mwaka huu wa 2024 ni 350,000. Hiyo ni zaidi ya shilingi milioni 55 za kwetu, mpwa wangu, kwa jike mmoja.

Basi hicho ndicho wanachonunua. Si mbio zake mwenyewe; hizo zimeshalipwa.

Derby ya Epsom? Bado. Baba wa 9, mwana wa 3, na watoto wa Dubawi hadi mwaka huu wa 2024 hakuna hata mmoja. City of Troy ameichukua juzi, naye si wa damu hiyo. Mimi nimekwisha kuzoea. Kila Juni mwanzoni nakaa mbele ya televisheni na wenzangu, tunasema mwaka huu, tunalala.

Sasa neno moja kuhusu majike wako. Katika habari hii yote sijamtaja mama. Anaitwa Zomaradah, aliyeshinda Oaks ya Italia. Aliingizwa kwa Dubai Millennium katika miezi ile michache kabla majani hayajamuua. Mkia ulifungwa, viatu laini vikavalishwa, na mtu fulani alisimama amemshika hatamu, labda asubuhi ya baridi, labda akiwaza kazi nyingine. Mtu huyo nimemtafuta kwa wazee wote wa mazizi ninaowajua hapa, na jina lake sijalipata.

Yule jike wako mwekundu uliyesema anang'ata, mpe maji ya uvuguvugu asubuhi na usimkaribie kutoka nyuma. Akikaribia kuzaa, chuchu zitatoa matone kama nta. Usilale usiku huo. Nipigie simu saa yoyote, mimi si kama mama yako.

Ni mimi mjomba wako,
Dubai