Mukebe wa bati na mutu mwenye mashine



Katika namba hii ya gazeti letu, sisi wa mwaka wa mwisho tumeona vema kuzungumuza juu ya kikundi kimoja cha muziki cha Kinshasa, Staff Benda Bilili, na albamu yao ya kwanza, Très Très Fort, iliyotoka mwaka 2009. Pengine mutu atauliza: sababu gani kufufua mambo ya 2009, wakati sisi wenyewe tulikuwa tungali mugongoni mwa mama? Sababu iko. Mutaiona mbele kidogo.

Wengi wa kikundi kile walikuwa watu walioharibiwa maguru na polio. Walitembea juu ya baiskeli za maguru tatu, na mazoezi yao waliyafanya katika uwanja wa bustani ya wanyama ya Kinshasa. Kati ya wakubwa wao walikuwa Ricky Likabu, Coco Ngambali na Théo Nzonza. Tena kulikuwa kijana Roger Landu, aliyejiunga nao angali mutoto. Huyu alipiga chombo alichotunga mwenyewe, satongé: mukebe wa bati, kipande cha muti kilichopindwa, na waya moja ya umeme. Ni hicho tu! Lakini ukikisikia kinavyolia, utafikiri ni gitari ya watu wa mali.

Aliyeongoza kazi ya albamu ni Vincent Kenis, Mubelgiji. Jina lake lilikuwa limekwisha kujulikana Ulaya, kwa sababu alikuwa amefanya kazi na Konono N° 1, kikundi cha mzee Mingiedi Mawangu, kwa ile sahani inayoitwa Congotronics. Mutu kama huyu angeweza kusema: njoni studio, muache mikebe yenu, nitawapa vyombo vizuri. Hakusema vile. Alikwenda pale walipozoea kupiga. Alinasa nyimbo inje, katika bustani ile ile, na mikrofoni kumi na mbili hivi na ordinateri moja. Umeme walivuta kwa waya ya metre 100 kutoka baa moja iliyoachwa. Mukebe wa Roger ukabaki mbele, watu wote wausikie.

Matunda yake yakaonekana upesi. Mwaka ule ule wa 2009 wakapata zawadi ya WOMEX. Mwaka 2010, filme ya Renaud Barret na Florent de La Tullaye juu ya maisha yao ikafungua mafasi moja ya maonyesho kule Cannes, Ufaransa. Watu ambao jana walikuwa wakilala inje wakaimba katika miji mikubwa ya Ulaya.

Sasa tufike kwa yetu. Munajua wote kikundi chetu cha waimbaji. Munajua pia mwenzetu anayetembea na fimbo mbili, yule anayepiga gitari aliyoitengeneza kwa mukebe wa mafuta na nyuzi za frein ya kinga. Mutu mumoja wa hapa mujini, mwenye mashine za kunasa sauti, alitusikia akatupenda. Akatuambia atanasa nyimbo zetu ine bila malipo. Lakini akaweka neno: gitari ya mukebe hapana, ordinateri itapiga mahali pake, na katika picha za video mwenzetu asimame nyuma, «juu watu hawapendi kuona huzuni.»

Hapo tukagawanyika. Wamoja walisema: bahati haipigi hodi mara mbili, tukubali tu, tutatoka hapa na diplome ya Serikali na wimbo katika telefone za watu. Wengine walisema: hata kidogo. Mwenzetu mwenyewe alinyamaza siku mbili. Kiisha akasema neno moja: «Kama mutaenda bila mimi, muende. Lakini nyimbo mbili kati ya ine ni zangu.» Tukaona aibu kwamba hakuna aliyekuwa amezihesabu.

Ndiyo sababu tulianza kutafuta habari za Benda Bilili. Na tuliona kwamba jibu si kusema «mutu mwenye mashine asibadilishe kitu.» Maana Coco Ngambali na Théo Nzonza, walipotoka katika kikundi mwaka 2013, walianzisha kingine, Mbongwana Star. Albamu yao From Kinshasa ya mwaka 2015 iliongozwa na Doctor L, mutu wa Ireland anayeishi Paris. Huyu alibadilisha mengi sana: sauti zinavuma, zinakwaruza, kama redio iliyoshikwa usiku wa mvua. Hata hivi watu waliisifu sana. Kumbe kubadilisha si zambi. Mbongwana yenyewe, kwa Lingala, maana yake ni mabadiliko. Wenyewe walilitaka, wakaliandika mpaka katika jina.

Basi tofauti iko wapi? Sisi tunaona iko hapa: mufundi wa kweli anauliza kwanza «ninyi ni nani?», kiisha anashika mashine. Yule mwingine anashika mashine kwanza.

Neno la pili: sifa haiwezi kufunga nyumba iliyo na ufa. Benda Bilili walizunguka dunia, wakatoa albamu ya pili mwaka 2012, na mwaka uliofuata wakatengana. Kama watu wakubwa namna ile wanaweza kuachana, sisi watoto wa shule tusifikiri upendo peke yake unatosha. Inafaa kuandika.

Tumeandika. Mapatano yetu yana mambo matatu. Moja: kila wimbo uwe na jina la aliyeutunga. Mbili: gitari ya mukebe itapigwa, kama ordinateri inataka kuingia, iingie pembeni yake, si mahali pake. Tatu: katika picha, mwenzetu atakaa mahali atakapochagua yeye. Tulipeleka karatasi ile kwa mutu wa mashine. Mpaka leo hajajibu. Pengine hatajibu kamwe, na nyimbo zetu zitabaki katika vinywa tu. Tumekubali hasara hiyo kwa macho wazi, wote, hata wale waliokuwa wanataka kwenda.

Neno la mwisho. Katika albamu ile ya 2009 kuna wimbo unaoitwa Polio, unaoshauri wazazi wapeleke watoto kwa chanjo. Musiseme ni mambo ya Kinshasa. Mwaka 2017 polio iligunduliwa katika jimbo letu hili la Maniema. Kwa hiyo, wachanjaji wakipita Kasuku, Mikelenge ao ng'ambo kule Alunguli, msaidie mama zenu kupeleka wadogo. Tusingoje mutoto apate fimbo ndipo tusifu gitari yake.

Ninyi wa mwaka wa tatu, sisi tunaondoka baada ya mutihani wa Serikali. Karatasi ya mapatano iko katika sanduku la kikundi, pamoja na vitabu vya nyimbo. Mutu mwenye mashine akirudi, muisome naye pole pole, kiisha mujibu wenyewe.

Kapita wa wanafunzi, kwa jina la darasa la mwisho