Maji Baridi Kitengela

Jumamosi, 4 Januari 2025

Tumefika. Treni imetushusha Athi River mchana, jua kali lakini upepo wake mkavu, wa kupasua midomo. Mwanangu mdogo alilala tangu Voi, akaamka Emali na kuuliza bahari imekwenda wapi. Hakuna aliyemjibu.

Vyombo vilitangulia kwa lori la mtu anayemjua Baba Watoto. Kitanda kimevunjika tendegu moja. Mbuzi nimembeba mwenyewe mkobani, sikumwamini mpakizi. Keateka, msimamizi wa ploti, alipouliza tumekuja na nini nikamwambia vitanda viwili, kabati na mbuzi. Akasema kwenye ploti hii hawaruhusu mifugo. Ilibidi nimtoe nimwonyeshe: kibao na ulimi wa chuma wa kukunia nazi. Amecheka mpaka akaketi.

Nyumba ni chumba kimoja na sebule, kwenye njia ya Korompoi, 11,000 kwa mwezi. Kisauni, Mombasa, tulilipa 7,500 kwa vyumba viwili na ukumbi. Kodi na amana, 22,000 zimeondoka kabla sijafagia. Kampuni ilinipa 25,000 ya uhamisho.

Jumapili, 12 Januari

Wiki ya kwanza ghalani Mlolongo imeisha. Nilipokuwa Changamwe nikiandika hati za mizigo, jina hilo lilikuwa neno tu kwenye karatasi. Sasa nayaona malori yenyewe yakisubiri mizani, na naelewa jina la mji limetoka wapi.

Kuhusu maji. Keateka alituapia kwamba maji hayakatiki, na hakusema uongo: ni ya kisima cha kuchimbwa, yapo usiku na mchana. Nikaonja. Chumvi! Nimeiacha bahari zaidi ya kilomita 400 nyuma yangu na chumvi imenifuata mpaka jikoni. Sabuni haitoi povu. Maharage yalikaa motoni tangu adhuhuri, magharibi bado changarawe.

Nikaenda dukani kuulizia maji baridi. Muuzaji akafungua friji, akanipa chupa ya nusu lita. La, nikamwambia, nataka maji baridi ya kupikia. “Ya kupikia, na unataka ya friji?” Tukaangaliana. Kwetu maji baridi ni maji yasiyo chumvi, hata yakiwa yanachemka. Hapa huitwa maji matamu, na mtungi wa lita 20 ni shilingi 25. Tunamaliza mitungi miwili kwa siku.

Ijumaa, 31 Januari

Mshahara 58,000. Mkononi 44,979. Bima ya afya ya SHIF imechukua 1,595, tozo ya nyumba 870, NSSF 2,160, kodi ya serikali inayosalia. Hiyo tozo ya nyumba naisoma kila mwezi nikiwa nimeketi katika nyumba ya mtu.

Nimeandika matumizi, na sikupenda nilichokiona. Matatu kwenda na kurudi Mlolongo, 80 kila safari, siku 26. Bodaboda kutoka ploti mpaka barabara ya Namanga, 50 asubuhi, 50 jioni. Gari la shule kwa watoto wawili, 4,000. Ada, fungu la kwanza. Chakula ndicho kilichonitia hofu, maana mboga niliyokuwa nikiipata Kongowea kwa 20 hapa ni 40, na ni nusu ya fungu. Nimemtumia Mama 2,000 kama kawaida, kwa sababu nikipunguza ataanza kuuliza. Jumla imepita mshahara kwa 2,381. Nimefuliza, yaani nimekopa kwenye simu.

Baba Watoto bado hajapata tuktuk ya kuendesha. Mchana anawapikia watoto, jioni anaketi nje akitazama vumbi. Hasemi kitu. Kule alikuwa mtu mwenye stendi yake, akipita Bamburi anaitwa kwa jina.

Ijumaa, 28 Februari

Viwango vipya vya NSSF vimeanza mwezi huu. Yangu imetoka 2,160 ikawa 3,480. Kodi ya serikali imeshuka kidogo kwa ajili hiyo, kwa hivyo kilichopungua mkononi ni 924. Ni akiba yangu ya uzeeni, ndivyo anavyosema mtu wa mishahara. Namwamini, ila uzee uko mbali, na tarehe 5, siku ya kodi ya nyumba, iko Jumatano.

Binti ana kazi ya nyumbani kuhusu mji wake. Tumetafuta kwenye simu: sensa ya 2009 ilihesabu Kitengela watu elfu 58, ya 2019 elfu 154. Akauliza kama na sisi tumo. Nikamwambia sisi ni wa sensa ijayo. Akaandika “Mombasa” kwenye nafasi ya mji wake, akafunga daftari.

Jumapili, 16 Machi

Ramadhani. Nazi moja 80. Nimekuna moja nikatoa tui la kwanza, la pili, na la tatu ambalo lilikuwa maji yenye kumbukumbu ya nazi. Mbaazi nimezipata kwa Mkamba mmoja sokoni, nzuri kuliko za kwetu, kusema haki.

Alhamisi foleni ilikuwa mbaya, na magharibi ikanikuta ndani ya matatu karibu na daraja la Mto Athi. Sikuwa na hata tende. Kijana wa pembeni yangu, mwenye msalaba shingoni, alikuwa anamenya ndizi. Akaniangalia, akaangalia saa ya simu yake, akaikata ile ndizi nusu. Hakuuliza kitu. Abiria wa nyuma walikuwa wakihadithiana jinsi mto ulivyofurika Aprili ya mwaka jana, na mimi nafuturu.

Mama amepiga simu: “Mwanangu, huko mnafuturu na nini?” Nimemtajia kila kitu nilichopika tangu mwezi uandame kana kwamba vyote vilikuwa vya leo.

Jumamosi, 19 Aprili

Baba Watoto amepata tuktuk. Ya mtu, hesabu ni 1,000 kwa siku, mafuta juu yake, kinachobaki ni chake. Sako ya stendi ilitaka 5,000 ya kujiunga. Nimekopa kwenye chama cha kazini. Leo amebakiwa na 280. Ameziweka mezani moja moja, kama mtu anayelipa mahari.

Jumapili, 11 Mei

Hapa kila mtu ana ploti, au amelipia, au anakwenda kuiona. Kwa ofisi nzima ni mimi tu ninayesemwa “bado anapanga”. Leo mwenzangu wa kazini amenichukua kwenye gari la kampuni inayouza viwanja, safari bure na soda juu yake. Tumekwenda mpaka ng'ambo ya Kisaju. Hamsini kwa mia, laki saba unusu, unaweza kulipa kwa miezi 18. Uwanda mtupu, upepo, mawe ya mipaka yaliyopakwa chokaa, na bango lenye picha ya nyumba ya ghorofa yenye bustani. Sikuona mti uliopita magoti yangu.

Wenzangu wakipiga picha juu ya mawe yao, mimi nikaenda kumwamkia mzee wa Kimaasai aliyekuwa akipitisha ng'ombe. Tukazungumza. Anasema ardhi ya ranchi ya pamoja iligawanywa mwishoni mwa miaka ya 1980, kila mtu akapata hati yake, na aliye na hati hujiwa na mnunuzi. Wanyama wa Hifadhi ya Nairobi walikuwa wakishuka huku wakati wa mvua, pundamilia na nyumbu, kwa sababu upande wa kusini hifadhi haina ua. Kuanzia mwaka 2000 ukaja mpango wa kuwalipa wenye mashamba dola 4 kwa ekari kwa mwaka, wasiweke ua wala wasiuze, ili wanyama wapite. Halafu ukaja ukame ule wa misimu mitano bila mvua ya maana, ng'ombe wakafa, na watu wanahitaji ada ya shule kama mimi.

Dola 4 leo ni kama shilingi 516. Ekari moja hukatwa vipande vinane vya hamsini kwa mia. Mara laki saba unusu ni milioni 6. Nimeipiga hesabu hiyo mara mbili ndani ya gari. Mwanamke wa mauzo alipokuja na fomu nikamwambia nitashauriana na mwenye nyumba. Alidhani nasema mume wangu. Nilikuwa namfikiria anayenidai kodi.

Ijumaa, 30 Mei

Nimeomba ruhusa ya siku moja, nimemsindikiza mwenzangu yule wa kazini mpaka ofisi ya ardhi Kajiado kukagua hati ya kiwanja chake. Ameshalipa laki moja unusu bila kukagua. Safari ni kama kilomita 50 kutoka Kitengela, kupitia Isinya. Mji umetulia, una reli inayokwenda Magadi, na mtu mmoja kwenye foleni ametuambia jina lake ni Kimaasai, mto mrefu. Mto wenyewe tulipouvuka ulikuwa mchanga.

Majibu: hati ipo, ila ina kizuizi kilichowekwa na mmoja wa familia ya wauzaji. Haiwezi kuhamishwa mpaka kiondolewe. Na hata kikiondolewa, hili ni shamba, lazima kwanza bodi ya udhibiti wa ardhi itoe ridhaa. Mwenzangu hakulia. Alinunua mahindi ya kuchoma mawili, akanipa moja, tukayala tukisubiri matatu ya kurudi.

Nilijisikia mwerevu kwa dakika tano, kisha nikaona haya. Si werevu ulioniokoa. Sikuwa na hela.

Jumamosi, 14 Juni

Mdogo ana rafiki darasani mwenye meno ya kahawia. Nilidhani hapigi mswaki. Mama Mapacha wa mlango wa pili akaniambia ni maji, wanawe wote wawili wako hivyo, amezaa na kulea hapa hapa. Nimempeleka mdogo zahanati. Muuguzi amenieleza kwa utulivu: ni floridi, iko kwenye visima vingi vya upande huu. Shirika la Afya Duniani linataka isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Ikizidi, huharibu meno yakiwa bado yanajijenga ndani ya ufizi, mpaka mtoto afike kama miaka minane. Kuchemsha hakuiondoi. Binti ana tisa, amevuka. Mdogo ana mitano.

Kwa hivyo hata uji na chai sasa ni vya maji ya kununua. Mitungi mitatu.

Jumatatu, 7 Julai

Saba Saba, siku ya maandamano. Hakuna matatu, barabara ya Namanga imefungwa, moshi wa magurudumu tangu asubuhi na baadaye milio ambayo watoto wamejifunza kuitofautisha na fataki. Tuktuk imelala ndani ya ploti. Kazini wameandika kwamba asiyefika atakatwa siku yake. Baridi ya mwezi huu sijawahi kuiona. Nimevaa leso tatu na soksi za mume wangu. Tumeshinda kitandani wote wanne, na kusema kweli ndiyo siku ya kwanza tangu Januari tuliyokaa pamoja mchana.

Jumapili, 13 Julai

Nimefanya leo hesabu niliyopaswa kuifanya kabla ya kupanda treni. Kodi 11,000. Boda 2,600. Gari la shule 4,000. Maji ya mtungi, mitatu kwa siku, 2,250. Nyumba yangu ya elfu 11 ni nyumba ya 19,850.

Noonkopir, nyuma ya barabara, kuna nyumba kama hii hii, kuukuu zaidi, ya 15,000. Nilipoambiwa bei hiyo Januari nilikata simu. Pale nafika stendi kwa miguu, na shule watoto wanaiona wakiwa barazani. Bomba la mjini hutoka Jumanne na Ijumaa. Maji 600 kwa mwezi, na mtungi mmoja kwa siku wa mdogo, kwa tahadhari. 16,350. Nimemwonyesha Baba Watoto karatasi. Ameisoma kimya, akasema, “Tumeishi miezi sita kwenye nyumba rahisi.” Sijui kama alikuwa anacheka.

Jumamosi, 2 Agosti

Tumehama kwa tuktuk, safari sita. Mwenye nyumba ya zamani amekata 6,000 kwenye amana, ati rangi ya ukuta. Ukuta tuliukuta na madoa hayo hayo. Nilipiga picha za chumba siku ya kuingia? Sikupiga. Atakayesoma daftari hili baada yangu apige.

Keateka ametusaidia kubeba kabati. Alipomwona mbuzi amesema, “Huyu sasa ni wa hapa, ana vumbi letu.”

Jumapili, 31 Agosti

Mama Mapacha alikuja kututembelea, akaonja maji ya bomba na kusema haya ni ya Nolturesh, yanatoka kule Loitokitok chini ya Kilimanjaro. Nikamwambia basi ni maji baridi. Akasema si baridi, ni ya vuguvugu. Nimemwacha.

Mshahara 44,055. Baba Watoto ameleta 9,400, licha ya siku nne tuktuk ilipokuwa kwa fundi. Deni la chama limekwisha, Fuliza nimeilipa yote, ada ya muhula wa tatu nimetoa nusu. Mama nimemtumia 2,000. Mwenzangu bado anafuata laki moja unusu yake. Zimebaki 1,150, na ndoo tatu zimejaa mpaka Jumanne.