Msimu Chelsea Ilipopata Tajiri

Mwaka 2003 mashabiki wa Chelsea pale kijiweni kwetu Magomeni tulikuwa wa kuhesabika. Dar es Salaam ya wakati ule, ukisema unapenda mpira wa Uingereza, watu walijua wewe ni wa Manchester United, Arsenal au Liverpool. Mimi nilivutwa Chelsea na Gianfranco Zola, na msimu ulipokwisha Zola akatuaga, akarudi Italia kuchezea Cagliari. Klabu ilikuwa imeelemewa na madeni. Bao la Jesper Grønkjær dhidi ya Liverpool siku ya mwisho lilikuwa limetupa tiketi ya Ligi ya Mabingwa, lakini tungeenda huko na kikosi gani?

Mapema Julai redio ikatangaza kwamba Ken Bates, aliyeinunua klabu kwa pauni 1 mwaka 1982, ameiuza kwa Mrusi anayeitwa Roman Abramovich. Kijiweni hakuna aliyewahi kulisikia jina hilo. Watani wakacheka, wakasema tajiri akichoka na mdoli wake atautupa.

Kicheko kilikatika usajili ulipoanza. Damien Duff, Joe Cole, Verón, Crespo, na mwishoni Claude Makélélé kutoka Real Madrid. Zaidi ya pauni milioni 100 zilitumika kabla dirisha halijafungwa. Sisi tuliozoea kuuliza nani anauzwa, sasa tulibishana nani atakaa benchi. Kabla ya kombe lolote, tajiri alitupa nafasi ya kubishana na mtu wa Arsenal naye akatusikiliza.

Usiku ninaoukumbuka kuliko wote ni wa tarehe 6 Aprili 2004, marudiano ya robo fainali ya Ligi ya Mabingwa pale Highbury, uwanja wa Arsenal. Kibanda umiza kilifurika, na wengi walikuwa wa Arsenal, timu ambayo msimu ule haikufungwa hata mechi moja ya ligi. Reyes wa Arsenal akatangulia kufunga, Lampard wetu akasawazisha, na dakika ya 87 beki wetu wa kushoto, Wayne Bridge, akamaliza kazi. Nilikumbatiana na watu nisiowajua. Wiki mbili baadaye, kwenye nusu fainali, Monaco, wakiwa pungufu uwanjani, wakatuchapa 3-1, na marudiano ya London hayakutuokoa. Kwenye ligi tukawa wa pili, na Claudio Ranieri akafukuzwa.

Makombe yalianza kuja na José Mourinho: ubingwa wa 2005, wa kwanza tangu 1955. Baadaye ikaja Ligi ya Mabingwa, 2012 na 2021. Yote niliyashangilia. Hata hivyo, msimu ule mkavu ndio ninaousimulia zaidi. Kabla yake tulikuwa tumezoea kufungwa. Baada yake, kufungwa kulitukasirisha.

Kijiweni hatukuulizana fedha zile zilitoka wapi. Swali lilikuja lenyewe Machi 2022, baada ya Urusi kuivamia Ukraine, serikali ya Uingereza ilipomwekea Abramovich vikwazo. Mei ya mwaka uleule klabu ikauzwa kwa kundi la Todd Boehly na Clearlake.

Vijana ambao timu zao zimepata matajiri wapya huniuliza kama waanze kutamba. Tambeni, wanangu, raha ya usajili ni halali yenu. Ila ulizeni mapema fedha ni za nani na deni atalipa nani, kwa sababu mmiliki akichoka huuza klabu akaondoka, na shabiki hana wa kumuuzia.