Mchezo wa Mama Zetu na Mchezo Wetu

Neno mchezo huku kwetu Palma lina maana mbili, na zote mbili zinahusu hela.

Ya kwanza ni ya mama zetu. Wanawake kumi, kila wiki kila mmoja anatoa kiasi walichokubaliana, na zote anapewa mmoja. Wiki ijayo zamu ya mwingine, mpaka wote wapate. Waliowahi kukaa Mtwara au Dar es Salaam wanasema "nacheza mchezo" au "nacheza upatu". Wengine, kama ilivyo Msumbiji nzima, wanasema shitiki.

Ya pili ni yetu vijana: Free Fire kwenye simu. Kwa wazee na wafanyakazi wa mashirika wasioujua, nauelezea kidogo. Ni mchezo wa kampuni ya Garena ya Singapore. Watu kama 50 wanaruka kutoka kwenye ndege, wanatua kisiwani, wanaokota silaha na kuwindana, na anayebaki wa mwisho ndiye mshindi. Mnaweza kuingia wanne wanne kama timu. Raundi haichukui muda mrefu, na simu ya bei ndogo inauweza. Wachezaji wakiwa wengi wanaunda chama ndani ya mchezo, sisi tunakiita gilda kwa Kireno chetu. Gilda ina kiongozi, ina nembo, na inapanda kadiri watu wake wanavyocheza.

Mchezo huu ulitoka 2017. Mwaka huohuo, tarehe 5 Oktoba, vita vilianza Mocímboa da Praia. Kwa hiyo najua swali la kwanza la mzazi: "Mwanangu, risasi zote tulizozikimbia hazijakutosha?" Wengi wetu tulitoka Palma mbio tarehe 24 Machi 2021, wengine kwa miguu mpaka Quitunda, wengine kwa boti mpaka Pemba. Mama anayesikia mlio wa bunduki nyuma ya ukuta hawezi kujua kama unatoka kwenye simu. Ndiyo maana sheria yetu namba moja haihusu ushindi. Sauti inazimwa, au unavaa spika za masikioni. Ukikutwa unacheza kwa sauti baada ya magharibi, unatolewa wiki nzima.

Lakini vijana kucheza jeshi si jambo lililoletwa na simu. Pwani yetu ya Waswahili ilikuwa na beni, ngoma iliyoanzia Lamu na Mombasa miaka ya 1890 na kushuka mpaka Tanganyika. Vijana walivaa sare, wakajipa vyeo vya maofisa, wakagawanyika vyama kama Marini na Arinoti, wakashindana. Wengi walikuwa wageni mjini, mbali na kwao. Vyeo vilikuwa vya kujipa, ila michango ilikuwa ya kweli. Mwenzao akifa ugenini, chama ndicho kilimzika. Nikifikiria gilda yetu naiona zaidi huko kuliko kwenye vita.

Sasa nije kwenye hela. Gilda yetu ina watu 26. Jina lake silitaji hapa, sababu mtaiona mbele. Mchezo wenyewe ni wa bure, lakini kucheza si bure. Unahitaji bando, unahitaji kuchaji simu kwenye kibanda cha sola, na skrini zinapasuka. Halafu kuna almasi, zile za kununua nguo na mapambo ya mchezaji wako. Almasi hazikupi chakula, lakini kijana ambaye hana hata shati la pili anapenda mtu wake wa kwenye simu avae vizuri. Nani atamlaumu?

Tulikubaliana kila mtu metikali 20 kwa wiki, asiye nazo asitoe na asiulizwe mbele za watu. Daftari anashika dada mmoja muuza samaki, kwa sababu yeye peke yake kati yetu anajua kukataa. Matumizi yana mpangilio: kwanza kuchaji, pili bando la siku ya mashindano, tatu matengenezo ya simu. Almasi ni za mwisho, tena kwa zamu kama mchezo wa mama zetu. Mpaka sasa waliopata zamu ya almasi ni watatu tu.

Kuingiza watu ndiyo kazi ngumu zaidi kuliko hela. Mwanzoni tulisema mtu mpya lazima ajulikane na wawili walio ndani. Sheria nzuri, lakini angalia mahali tunapoishi. Kijana ametoka Macomia, ndugu zake wengine wako Metuge, wengine hawajulikani walipo. Nani atasema "namjua, namjua na mama yake"? Sheria ya kutulinda ilikuwa inamfungia nje yule yule anayehitaji watu. Basi tukaongeza mlango wa pili. Asiyejulikana anakuja kukaa nasi wiki mbili pale kibandani, anapewa bando, anacheza, anapiga soga, anasaidia kubeba betri. Akimaliza wiki mbili tunamjua sisi wenyewe. Wachezaji wetu wazuri wawili waliingia kwa mlango huo.

Halafu ukaja ujumbe. Mtu asiyejulikana, namba ya nje ya nchi, aliandika kwenye WhatsApp kwamba ametuona tunavyocheza na anataka kutudhamini. Almasi kwa wote, kila mwezi. Simu mpya tatu. Yeye alitaka kitu kimoja tu: orodha ya wanachama. Jina, umri, namba ya simu, na mtaa au kambi anayolala kila mmoja.

Jioni ile hakuna aliyecheza. Tulibishana mpaka usiku. Mmoja alisema maneno ambayo bado nayakumbuka: "Wewe una simu nzima, ndiyo maana una nguvu ya kukataa." Alikuwa na haki. Yake ilikuwa na ufa katikati, alikuwa anacheza na nusu ya kioo.

Lakini huku kwetu kila mtu amesikia habari ya kijana aliyeahidiwa mtaji na mtu mkarimu, na mtaji ukamfikisha porini. Haukuanza na bunduki. Ulianza na hela kidogo, urafiki, na kuulizwa unakaa wapi.

Mama mkubwa anayeongoza mchezo wa kina mama pale mtaani alisikia kelele zetu akaja. Shikamoo zilipoisha, tukamweleza. Hakutuambia tukatae. Alisema wao mtu akitaka kuingia kwenye mchezo wanamuuliza maswali matatu: hela unaitoa wapi, zamu yako unataka lini, na ukipotea tukutafute kwa nani. "Mwulizeni tu," akasema, "akijibu, mkubalini."

Tukamwandikia vilevile. Jibu likaja usiku uleule: chukueni kwanza, mengine tutaongea baadaye. Tukapiga kura. Waliokataa walikuwa 17, waliokubali 9. Wanne kati ya hao tisa wakaondoka siku hiyo, akiwemo mwenye simu ya ufa. Labda yule alikuwa tapeli wa kawaida wa mtandaoni, labda tajiri mpenda mchezo. Sisi tulichokataa ni mkono unaotaka kujua tunapolala huku wenyewe umejificha.

Hapa nasema na ndugu zetu wa mashirika, kwa heshima. Nyie pia mnakuja na orodha. Jina, umri, namba ya simu, mahali unapolala. Tunajaza kwa sababu tunahitaji turubai na mchele, na tunawaona, mna vitambulisho na magari yenye maandishi. Lakini mara ngapi mmetuambia orodha inakwenda wapi ikitoka hapa? Mnatufundisha tujihadhari na wanaoandikisha vijana, na ni vizuri. Basi tuzoeeni sisi tukiuliza yale maswali matatu, hata kwenu. Kijana aliyezoea kumuuliza afisa wa mradi "hii inakwenda wapi?" ndiye atakayeweza kumuuliza hivyo mtu wa kwenye simu usiku. Kijana aliyezoeshwa kujaza tu, atajaza tu.

Na mkitaka kusaidia vijana wanaocheza, msituletee almasi. Leteni sola ya kuchajia ambayo haitozi, na mtu wa kutufundisha kutengeneza simu. Hizo zina faida hata siku mchezo ukiisha.

Baada ya ile kura daftari letu lilikuwa na metikali 610. Muuza samaki aliuliza zitumike kwa nini. Kuna aliyependekeza almasi, tujifurahishe kidogo baada ya msukosuko. Yeye akasema kuna skrini moja imepasuka na mwenyewe alishachangia wiki 11 kabla hajaondoka, kwa hiyo zamu yake ya matengenezo bado iko palepale, mtu hadhulumiwi zamu kwa kura aliyopiga. Fundi alitaka 900. Tukangoja wiki moja, zikatimia, skrini ikabadilishwa. Hatukumwambia arudi. Tulimpelekea simu nyumbani, na kwenye daftari dada akaandika: skrini, 900, imelipwa.