Siti binti Saad: Binti wa Mfinyanzi

Wimbo husafiri bila ya nauli. Katika nchi ya Garissa, Wajir na Mandera wanawake wa Kisomali wana mashairi yao wenyewe, yaitwayo buraanbur, nayo huchukuliwa kwa kinywa toka kisima hata kisima. Katika Afrika ya Mashariki, mwanamke wa kwanza ambaye sauti yake ilitiwa katika sahani za santuri alikuwa Siti binti Saad wa Unguja.

Alizaliwa Fumba yapata mwaka 1880. Baba yake alikuwa Mnyamwezi na mama yake Mzigua, wote watu wa kutumikishwa. Mtoto wao akaitwa Mtumwa. Hakusoma shule. Alifunzwa ufinyanzi na mama yake, akawa akienda mjini kwa miguu na vyungu kichwani, akiwaita wanunuzi kwa kuimba. Wafaransa humkumbuka Édith Piaf, aliyeanza kwa kuimba barabarani Paris. Watu wa pwani wana huyu, aliyeanza na vyungu.

Mwaka 1911 alihamia mjini. Huko Ali Muhsin, mpigaji wa chama cha Ikhwani Safaa, alimfundisha muziki. Baadaye akashirikiana na akina Mbaruk, Buda na Subeti. Taarabu ya zamani iliimbwa kwa Kiarabu katika jumba la Sultani. Siti aliiimba kwa Kiswahili, hata mchuuzi na mpagazi wakaifahamu.

Wenye husuda walimcheka kwamba hana sura wala nasaba. Hakuwatukana, aliwajibu kwa wimbo, akawaonyesha kuwa heshima ya mtu haitoki katika uso wala ukoo.

Mwezi wa Machi, 1928, kampuni ya His Master's Voice ilimpeleka Bombay kuimba, na sahani zake zikaenea pwani na bara. Hakuimba mapenzi tu. Wimbo wake wa Kijiti ulilalamikia hukumu moja: mwanamke aliuawa, muuaji akakimbilia bara, na wanawake waliotoa ushahidi ndio waliofungwa.

Alifariki tarehe 8 Julai, 1950. Shaaban Robert, aliyezungumza naye karibu na mwisho wa maisha yake, aliandika wasifu wake, na kwa kitabu hicho yule asiyejua kusoma akawa somo kwa wanafunzi. Basi mzazi mwenye binti mwenye kipaji asikipime kipaji hicho kwa umaskini wa nyumba yake.