Akitoka Hospitali, Nani Atamlimia?

Mwanamke akiruhusiwa kutoka hospitali baada ya kutibiwa saratani ya titi, jamaa humshukuru Mungu na kudhani gharama zimekwisha. Kwa hakika nyingine ndipo zinapoanza.

Nayasema haya kwa sababu shangazi yangu ni mkulima wa Nambis, wilayani Mbulu. Aliondolewa titi pamoja na tezi za kwapani, kisha akapewa tiba ya mionzi katika Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam. Mkono wa upande uliopasuliwa huweza kuvimba ukielemewa. Basi jembe, ndoo na mzigo wa kuni vyote vikahitaji mtu wa kulipwa. Nauli ya kurudi kupimwa, kupitia Karatu na Arusha, haikungoja mavuno. Tena saratani ya aina yake hutaka vidonge vya kila siku kwa miaka 5 au zaidi.

Laiti angekuwa mwajiriwa! Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 humpa mfanyakazi mwenye cheti cha daktari likizo ya ugonjwa ya siku 126 katika miezi 36: siku 63 kwa mshahara kamili, na 63 kwa nusu mshahara. Shamba halina likizo.

Wazee wa ukoo walitoa rai ya kuuza maksai wawili. Shangazi alikataa katakata. "Mwanangu," aliniambia, "nikiuza maksai nitakuwa nimepona ili nife njaa." Mwingine akashauri mkopo wa kikundi. Mimi sikuafiki: mkopo hudai marejesho, na mgonjwa hana cha kuuzungushia.

Yuko afisa ustawi wa jamii hospitalini, ambaye wengi huona haya kumwendea. Mgonjwa mwenye barua ya serikali ya kijiji au mtaa wake huhojiwa naye, na asiyejimudu huweza kusamehewa malipo ya tiba. Barua hiyo iombwe kabla ya kupanda basi.

Yaliyobaki tuliyagawana kwa majina, maana neno "tutasaidiana" halijapata kulipa nauli ya mtu. Mimi nilichukua nauli, kaka yangu vidonge. Majirani hawakuwa na fedha, wakaleta majembe. Kila nyumba ilijitolea siku yake, na mahindi na maharage yakapandwa mvua zingali zikinyesha. Bado kuni. Binti yake mdogo ndiye azibebaye baada ya shule, na jambo hilo hatujalipatia mtu.