Duma, Kisiagi na Kilio

Kwa Kiswahili, duma ni mnyama wa mbio. Sokoni Embu, nduma ni ile tunayochemsha na kunywea chai asubuhi. Kwa Kikuyu, nduma pia ni giza, na kwenye giza ndiko vijana wawili wa Nairobi walikotoa jina la bendi yao. Martin Khanja, anayejiita Lord Spike Heart, ndiye wa mayowe. Sam Karugu ndiye wa gitaa na mitambo. Albamu yao, nayo inaitwa Duma, ilitoka Agosti 2020. Kama hujawahi kuisikia, nikuonye mapema: si ngoma ya kuwekea wageni.

Wote wawili walikuwa wametoka kwa bendi za metali za Nairobi, Khanja kwa Lust of a Dying Breed na Karugu kwa Seeds of Datura. Mwaka 2019 walienda Kampala, wakajifungia kama miezi mitatu kwenye studio ya Nyege Nyege. Ni wale wale wenye tamasha lililoanzia Jinja 2015, na ambao 2017 walitoa Sounds of Sisso, mkusanyiko wa singeli ya Dar es Salaam. Kama unaijua singeli, unajua mwendo wake: haingoji mtu. Walipotoka studioni walikuwa na nyimbo tisa. Mmoja unaitwa Pembe 666. Mwingine ni Uganda with Sam, jina utafikiri ni maelezo nyuma ya picha ya safari. Ngoma zinatoka kwa kompyuta, na zinakimbia kwa kasi ambayo mkono wa binadamu ungeteguka.

Kumpa mashine kazi ya mpiga ngoma si jambo jipya. Justin Broadrick na G.C. Green wa Godflesh walifanya hivyo kule Birmingham, Uingereza, kwenye Streetcleaner ya 1989, albamu ambayo wapenzi wa metali ya viwandani bado wanairudia. Birmingham ni mji wa vyuma. Tony Iommi wa Black Sabbath, mtoto wa huko huko, alikatwa ncha za vidole na mashine kiwandani akiwa na miaka 17. Ndiyo maana watu husema muziki huu ulizaliwa na viwanda. Sawa. Lakini maze, mtu wa Meru atauelewaje?

Mimi niliuelewa kwa sababu ya kisiagi.

Babangu alikuwa na kisiagi karibu na Nkubu. Injini ya dizeli, mkanda mrefu wa kuzungusha, na ndani ya lile sanduku la chuma, nyundo zinazopiga mahindi mpaka yapite kwenye chujio. Watu walipanga foleni na debe zao, wengine na gorogoro moja tu. Baba alikuwa mweupe kuanzia nyusi hadi viatu. Angekaa nje anaongea na wateja, halafu ghafla ainuke aende kuzima injini, kwa sababu amesikia mkanda unataka kukatika. Sisi wengine tulisikia kelele moja tu. Yeye alisikia sehemu zake zote. Miaka ya hiyo kazi ilimharibu masikio, akawa hawezi kuongea polepole. Hata kanisani akinong'ona, padri alikuwa anasikia.

Alifariki Mei 2020, presha. Serikali ilikuwa imesema mazishini watu 15, na kafyu ilianza saa moja jioni. Nilipanda kutoka Embu, nikapita Runyenjes, Chuka, nikashuka miteremko ya Nithi, nikafika nyumbani. Tulimzika asubuhi, haraka haraka, barakoa usoni. Mtu aliyesagia nusu ya kijiji alisindikizwa na watu wasiojaza matatu mbili. Amu alinivuta kando akaniambia, "Wewe ndiye mkubwa. Mamako anakuangalia." Kwetu mtu akishatahiriwa anajua maana ya maneno hayo. Sikulia. Siku ya tatu nilirudi Embu, na huko pia sikulia.

Agosti rafiki yangu akanitumia Duma kwa WhatsApp. Nilikuwa bedsita yangu kule Dallas, usiku, nimevaa hedifoni. Zile ngoma zilipoanza nilijua niko wapi. Nyundo. Mkanda. Vumbi la unga. Na juu ya mashine, mwanaume anapiga kelele ili asikike, kama vile baba alivyoniita miaka yote. Tofauti ni kwamba huyu hakuwa anaita mtu. Alikuwa anatoa kitu kifuani, mzima mzima, bila aibu. Nililia mpaka jirani akagonga ukuta.

Kuna watu watakwambia hii ni ibada ya shetani. Siwacheki. Mwaka 1994 Moi aliunda tume nzima ya kuchunguza ibada hiyo, chini ya Askofu Mkuu Nicodemus Kirima wa Nyeri, na wazazi wetu walilea watoto katikati ya hofu hiyo. Lakini sisi vijana wa kiume huku, nani alitupa mahali pa kulilia? Kanisani tunaambiwa tumshukuru Mungu. Nyumbani tunaambiwa tunaangaliwa. Baa unalia, kesho yake wewe ni stori ya mtaa. Khanja aliendelea peke yake, akatoa The Adept mwaka 2024, bado na sauti hiyo hiyo ya koo linalopasuka. Mimi namsikia akifanya kazi ambayo kuna mtu lazima aifanye.

Krismasi iliyopita mama alitaka kujua nasikiza nini kila saa. Nikampa upande mmoja wa hedifoni. Alisikiza kama nusu dakika, uso haubadiliki.

"Huyu mtoto wa watu analilia nini?"

"Sijui, mama."

Akanirudishia, akaendelea kuchambua maharagwe. "Basi usimzime," akasema. "Mwache amalize."